Herufi Nane za Bi Mahfudha

Ukiuliza Mkomani kwa nini Bi Mahfudha hapigi tena picha za mabiarusi, utapata majibu matatu. Wengine watakwambia macho yamemchoka. Wengine watasema tangu arudi hija ameona picha hazimfai mtu wa umri wake. Na wapo wenye ndimi za kuchoma watakaokunong'oneza kwamba aliuza picha za watoto wa watu. Wote waongo, na hao wa mwisho nikiwasikia mimi Rawiya huwavaa palepale njiani, na wananijua. Lakini ukweli wenyewe sijawahi kuwaambia. Leo nausema, na atakayetaka kunichukia baada ya hapo, na anichukie.

Mahfudha nimesoma naye chuo kimoja cha Kurani, tumechapwa bakora na mwalimu mmoja. Yeye mpole, mimi moto. Mumewe, marehemu Husni, alikuwa na saiba pale Langoni, siku zile ambazo watu walikuwa wakipanga foleni kusoma barua pepe. Simu za mkononi zilipoingia saiba ikafa, na Husni naye, Mungu amrehemu, hakukaa sana. Alimwachia mkewe kamera na kompyuta moja nzee ambayo hakuna aliyetaka kuinunua hata kwa bei ya kiti. Mahfudha akaipandisha ghorofani kwake, akaifunika kitambaa, akaanza kazi ya kupiga picha siku za kupamba.

Siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Biarusi huketishwa juu, nywele nje, mabega nje, hina imepanda mpaka viwikoni, asumini kichwani, na sisi sote tumevua mabuibui tunacheza mpaka jasho lituteremke. Mwanamume haingii. Simu haziingii vilevile, maana simu siku hizi ni mwanamume aliyejificha mkobani. Kamera ni moja tu, ya Mahfudha. Mlangoni nilikuwa mimi na kikapu changu. Kila simu naifunga uzi wenye namba, nakupa namba yako, unapita. Nimewahi kumnyang'anya simu mke wa ofisa mkubwa kutoka bara, akanitolea macho, "Unajua mimi ni nani?" Nikamwambia, "Najua mama, wewe ni namba kumi na saba. Pita, unazuia watu." Miaka kumi na mbili nimekaa mlango ule na haijapita simu hata moja.

Sasa taabu ilikuwa jamaa wa ng'ambo. Hapa kwetu hakuna biarusi asiye na khalati Jeddah au shangazi Maskati, na wote wanataka kuona. Ukiwatumia kwa wasapu, picha imeshakuwa mtoto wa mitaani, haijulikani italala wapi. Mahfudha alikataa katakata. Ndipo akamtafuta Hillary, kijana wa Kimeru aliyekuwa akifundisha kompyuta chuo cha ufundi, mtu na adabu zake. Akaja asubuhi, mlango umeachwa wazi, mimi nimeketi katikati nikichambua mchele ili pasiwe na maneno.

Hillary aliitazama ile kompyuta, akacheka. "Madam, hii kitu ni nzee kuliko mimi. Lakini seva inaweza kuwa, si lazima iwe na nguvu." Kwa siku nne alimfundisha. Picha hakuziona hata moja, alitumia picha za punda wa pwani kama mfano. Kila biarusi atakuwa na folda yake. Ndani ya folda kunawekwa faili dogo ambalo jina lake linaanza na nukta, ili lisionekane, lenye mistari minne: mstari wa kusema mlango huu ni wa nani, mstari wa kusema orodha ya funguo iko wapi, mstari wa kusema aulizwe jina na paswadi, na wa mwisho kusema aruhusiwe huyu peke yake. Orodha ya funguo ikawekwa mbali, nje kabisa ya mahali ambapo watu wa intaneti wanafika. "Usiweke ufunguo kwenye mlango wenyewe, Madam," akamwambia. Mahfudha akaandika kila kitu kwa mkono kwenye karatasi na kuibandika ukutani, na mimi, niliyeingia kuchambua mchele, nikajua mambo ya seva kuliko wanaume wote wa mtaani kwetu.

Ikafika saa ya kutia paswadi ya kwanza. Mahfudha akaandika bismillah, akaendelea na jina la ua. Hillary akauliza kwa nini. "Mimi sianzi jambo bila bismillahi," akamjibu. "Nianze kwa kufunga aibu za watoto wa watu, nimsahau Mola?" Hillary akasema, "Iko poa, na kwanza ndefu ndiyo nzuri." Tangu siku hiyo kila biarusi alipewa yake: bismillah kisha asumini, bismillah kisha kilua, bismillah kisha rihani. Aliandika kwenye kijikaratasi, akakikunja, akamtia biarusi mkononi mwenyewe na kumwambia, "Hii ni amana yako na yangu. Usimpe mtu ila mwanamke wa jamaa zako." Mwaka uliofuata Hillary akahamishwa kwao bara. Seva ikabaki inanguruma chini ya kitambaa chake, na Mahfudha akawa fundi wake peke yake.

Mabiarusi arubaini na mmoja walipita kwenye mashine ile. Hapakutoka hata ukucha. Kina mama wakawa wanapanga tarehe za arusi zao kwa kumwangalia yeye kama ana nafasi. Mahfudha alianza kutembea na kifua mbele kidogo, nami pia, maana sifa za mlango zina mwenyewe. Nasema hivi kwa sababu majivuno yale yalitugharimu.

Wa arubaini na moja alikuwa Afra. Mamake alifariki akimzaa, akalelewa na bibi yake, Bi Barka, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe Shuaib ni mtu wa Kizingitini, mfanyabiashara wa kamba wa baharini, mzuri wa tabia lakini wivu umemjaa mpaka kooni. Alikubali picha kwa sharti moja, kwamba mke wake asionwe na jicho la mwanamume yeyote duniani. Mahfudha alimwambia mbele ya Bi Barka, "Sharti lako liko shingoni mwangu." Wakaoana Maulidi ilipokwisha, na kama ilivyo ada yetu Shuaib akahamia kwa Bi Barka, akawa anakwenda kwao kwa biashara na kurudi. Afra alinenepa, akawa anacheka peke yake jikoni. Tulimtania sana.

Jumatatu moja, baada ya swala ya alasiri, nilikuwa kwa Mahfudha tukinywa kahawa. Tukasikia hodi ya mwanamume dakani, pale kibarazani mbele ya mlango. Alikuwa Shuaib. Hakutaka kuingia wala kuketi. Mahfudha akasimama nyuma ya mlango, mimi kando yake.

"Bi Mahfudha, nakuuliza jambo moya," akasema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu mno. "Mlango wako ule wa picha una ufunguo wa pili?"

"Hauna," Mahfudha akajibu. "Mwenye neno ndiye afunguaye. Hata mimi nikilisahau siwezi kulisoma tena, mashine huligeuza likawa vurugu."

"Haiwezekani mtu kuingia kwa ndia nyengine?"

"Haiwezekani. Miaka yote hii haijatoka picha hata moja."

"Na neno la Afra analo nani?"

"Afra na bibi yake. Basi."

"Ahsante," akasema. Halafu, kama mtu anayetaja bei ya samaki, akasema, "Nina picha ya mke wangu kwenye simu yangu. Ameketi juu, nywele zake nje. Imetumwa na namba nisiyoijua, haina hata neno moya chini yake." Akaondoka. Tulisikia viatu vyake mpaka vikakata kona.

Nilimwangalia Mahfudha, akaniangalia. Sote wawili tulielewa kwa pamoja alichokifanya. Shuaib alikuwa amekuja kuuliza kama kuna mwizi, na Mahfudha kwa kutetea kufuli lake alikuwa amemwambia wenye ufunguo ni mkewe na bibi yake tu. Kama kufuli ni zima na ufunguo ni wa Afra, basi picha imetoka kwa Afra. Mahfudha akafungua mlango amwite, njia ilikuwa tupu. Shuaib hakula chakula kwa Bi Barka siku ile. Alipanda boti ya Kizingitini, na alipofika akamtumia mkewe maneno matatu: "Ulimtumia nani picha?"

Asubuhi ya Jumanne Bi Barka akaja akikokota miguu, na tableti yake aliyoletewa na mwanawe wa Jeddah. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba. Alitaka kujua ni picha gani iliyotoka. Mahfudha akamwambia aifungue folda mwenyewe, na najua kwa nini. Alitaka kuona kama bibi huyu huwa anaitaja paswadi kwa sauti mbele ya watu. Bi Barka akasema bismillahi kwa sauti, akaanza kudonoa herufi moja moja kwa kidole. Miwani ameisahau nyumbani. Mimi nimeketi ubavuni mwake naona kila kitu. Neno la Afra lilikuwa bismillah kisha kikuba, kile kishada cha asumini. Yeye baada ya bismillah akaandika kikuku.

Folda ikafunguka.

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Bi Barka, umekosea kuandika!"

"Mato yangu hayaoni, mwanangu," akasema, "lakini mashine yanijua."

Mahfudha hakucheka. Aliichukua tableti, akaizima, akaiwasha. Akaandika bismillah kisha samaki. Ikafunguka. Akarudia na bismillah peke yake. Ikafunguka. Akaenda kwenye meza yake, akaandika jina la biarusi mwengine, wa miaka minane iliyopita, akatia paswadi ya Afra. Ikafunguka. Wa tatu, wa nne, wa kumi. Mlango baada ya mlango, nyumba zote za Mkomani, mabinti wote, wakawa wametandazwa pale mbele yetu kwa neno moja.

Akampigia Hillary. Niliwasikia, simu ilikuwa kwenye spika. Hillary alifurahi kusikia sauti yake, akaanza na salamu za kwao, mvua, ng'ombe. Mahfudha akamkata. Akamweleza.

"Ile bado iko?" Hillary akasema. "Aki Madam, si nilidhani mlishaitupa. Ni kweli, ile programu ya zamani ya kutengeneza paswadi inasoma herufi nane za kwanza peke yake. Kinachofuata haikioni kabisa, hata uandike ukurasa mzima. Lakini hiyo si shida sana, mradi hizo nane za kwanza ziwe tofauti. Kwani zako zinaanza aje?"

Mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole, b, i, s, m, na kidole cha nane kilipoisha herufi ya mwisho ya bismillah ilikuwa bado imebaki nje. Maua yote yale aliyoyachagua kwa makini, rihani na kilua na asumini, mashine haikuwahi kuyanusa. Arubaini na mmoja, na wote walikuwa na ufunguo mmoja. Mtu mwengine angechagua jina la mwanawe au timu yake ya mpira, na kosa hili lisingemkuta. Sisi tulinaswa kwa kumtanguliza Mungu. Niliwaza hivyo nikaomba toba papo hapo, lakini niliwaza.

"Madam?" Hillary akaita. "Madam, uko? Kuna daftari seva inaandika yenyewe. Kila aliyeingia, jina gani, kutoka wapi, saa ngapi. Nitakupa amri ya kulifungua."

Mahfudha akalifungua, akalichapisha, kurasa tisa. Bi Barka alikuwa amesinzia kwa uchovu. Tukasoma pamoja, kidole chake kikitembea juu ya mistari. Kulikuwa na anwani moja, nambari ndefu, iliyoingia folda baada ya folda kwa muda wa miezi miwili. Afra. Kisha mwengine. Kisha mwengine. Mtu alikuwa anajua majina, maana hapa kila mtu anajua nani kaolewa lini. Wakati mwingine alijaribu jina la msichana ambaye bado hajaolewa, akakataliwa, akaendelea na la pili. Alikuwa na subira. Kidole cha Mahfudha kikarudi juu, kwenye mstari wa kwanza kabisa wa anwani ile, mahali alipoingilia mara ya kwanza.

Jina lilikuwa Maram.

Maram ni mwanangu. Niliolewa na baba yake, nikamzaa, nikamwoza mwaka ule ule kabla ya Afra, na paswadi yake nilikuwa nayo mimi. Na nilimpa mtu. Simu yangu ilipovunjika, nilimpa mtoto wa marehemu dada yangu, Fawaz, mtu mzima wa miaka thelathini, mwenye duka la simu Mombasa, anihifadhie picha chache za mwanangu. Ningemnyimaje? Nimemlea mimi tangu dada alipofariki. Mimi niliyewavua simu wake za watu mlangoni, nilimsomea Fawaz neno lile kwa sauti yangu mwenyewe, herufi kwa herufi, huku nakaanga mandazi.

Mahfudha aliniangalia. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

Nilimpigia Fawaz kutoka uani. Kwanza akakana. Kisha akalia. "Mama mdogo, kidole kiliteleza, nikakosea neno na bado ikafunguka. Nikataka kuona tu kama na wengine watafunguka. Wallahi sikuuza. Nilimwonyesha rafiki yangu mmoja tu."

"Mmoja mwenye simu," nikamwambia.

"Mmoja mwenye simu," akasema. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika, kisha nikakata.

Mahfudha aliizima seva siku ile ile. Aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili. Halafu akampigia Shuaib, akamwambia kweli: kufuli lilikuwa bovu, mlango ulikuwa wazi, Afra hana kosa. Shuaib akamsikiliza mpaka mwisho.

"Jana uliniambia hauna ndia nyengine," akasema. "Leo wasema ulikuwa wazi. Nani amekutuma, bibi yake? Kama kuna mtu aliyeingia, ana jina. Nipe jina. Nangoja mpaka Ijumaa."

Hakusema Ijumaa kutakuwa na nini, na sisi hatukuuliza.

Utauliza kwa nini Mahfudha hakumpelekea ile karatasi. Nitakwambia. Mistari ya Afra peke yake isingemsaidia, ilionyesha tu jina lake, anwani na saa. Uthibitisho wote ulikuwa kwenye mstari mmoja wa juu, ule wenye jina la mwanangu. Na Mahfudha alikula kiapo kwa kila biarusi, si kwa Afra peke yake. Alinijia Jumanne usiku ulipoingia, akaketi kwenye mkeka wangu, akasema, "Jina la Maram ni amana kwangu vilevile. Siwezi kulitoa bila ya ruhusa. Lakini wewe ni mama yake, na wewe ndiye uliyetoa neno. Ukinipa ruhusa, kesho tunapanda boti."

Nikamwambia nipe muda nifikiri. Maram ana mume, nikamwambia, na mumewe ana mama mwenye mdomo. Watasema, kwa nini picha za Maram ziko kwa binamu yake? Wataanza na Fawaz, watamaliza na mwanangu. Na Fawaz hana mama, nikamwambia. Mahfudha akatikisa kichwa, akaenda zake. Jumatano alizunguka nyumba zote arubaini kwa miguu yake, akawaambia picha zenu zimeonwa, kosa ni langu, sikujua mashine yangu. Kuna mama alimfungia mlango usoni. Kuna mmoja alimwambia Mungu atakulipa, na si kwa kheri. Jina hakulitaja popote. Nyumba yangu alikuja ya mwisho, akaniambia maneno yale yale kama alivyowaambia wengine, na mimi nikaitikia kama mmoja wao.

Alhamisi alikuja alasiri, akakaa, hakunywa kahawa, akaondoka. Nilikuwa nimeanza kumchukia kwa kunisubiri vile. Ningependa anipigie kelele. Nilijiambia kwamba mwanamume anayempenda mkewe hamwachi kwa picha moja, hasira zitampoa, atarudi na kamba wake kama kawaida. Nilijiambia pia kwamba Fawaz ni damu yangu na Afra ni jirani. Hayo ndiyo niliyoyawaza, siyapaki rangi.

Ijumaa asubuhi Afra mwenyewe akaja kwangu. Amekonda kwa siku nne. Habari za mashine alikuwa amezisikia, lakini Shuaib hazisadiki, na jina la aliyeingia hakulijua. Aliketi karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni, akasema, "Mama Rawiya, siku ya kupamba kwangu wewe ulikuwa mlangoni. Hebu kumbuka. Haikupita simu? Labda moja ilikuponyoka. Ukimwambia Shuaib ilipita simu, ataamini, wewe anakuheshimu."

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Pangekuwa pepesi kuliko popote. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mlango wangu haukupitisha simu hata moja." Kwa majivuno. Kwa sauti ya mlangoni. Alinibusu mkono akaondoka. Mahfudha alikuja baada yake, nikamwambia leo Ijumaa boti ni chache, na ni siku ya swala, twende kesho. Boti zilikuwepo. Alizisikia kama nilivyozisikia mimi.

Sikulala. Jumamosi jua halijapanda nilikuwa mlangoni kwa Mahfudha, nimevaa buibui, nikamwambia, "Lete karatasi. Na jina la Fawaz nitalisema mimi." Tulipanda boti ya kwanza. Njia nzima hakunisemesha, ila mawimbi yalipotupiga alinishika bega nisianguke.

Shuaib tulimkuta kwao, kibarazani, amevaa kanzu ya jana. Mamake alitukaribisha. Mahfudha akampa kurasa tisa, mimi nikamweleza yote: Maram, Fawaz, rafiki, kidole kilichoteleza, herufi nane. Nikampigia Fawaz mbele yake, Fawaz akakiri. Shuaib aliisoma ile karatasi taratibu, mstari wa kwanza, kisha anwani, kisha mistari ya Afra, akarudi mstari wa kwanza. Niliona uso wake unafunguka. Niliona amemwamini mkewe. Kwa muda mfupi nikashukuru, nikasema moyoni alhamdulillahi, tumewahi.

Ndipo mamake akaanza kulia ndani ya nyumba.

"Nimeandika jana," Shuaib akasema. "Baada ya swala. Mashahidi wawili. Nimeandika tatu."

Mimi ni mtoto wa chuo, sikuhitaji kuelezwa. Talaka moja angeweza kumrejea. Mbili angeweza. Tatu hakuna kurudi, hata akimpenda, hata akiwa hana kosa, mpaka aolewe na mume mwengine na kuachwa. Karatasi ile aliyoiandika ilikuwa imeshavuka maji, ilikuwa njiani kwenda kwa Afra wakati sisi tuko njiani kuja.

Shuaib alikuwa bado amezishika zile kurasa. Hakunipigia kelele. Aliinua macho, yamemjaa maji, akauliza kama mtoto anavyouliza, "Mbona hamkuya jana?"

Mahfudha akafungua kinywa, nikajua anataka kusema kosa ni lake. Nikamshika mkono.

"Jana," nikamwambia Shuaib, "nilikuwa bado nachagua."